Rangi ya Kope za Msusi

"Wifi, hiyo rangi ya macho umeipata wapi? Imekutoa kweli!"

Msusi alimchekea tu wifi yake. Hakuwa amepaka kitu. Kope zake zilikuwa za zambarau kwa wiki ya tatu sasa. Aliona aibu kusema, akawaacha watu wasifie.

Lililomtisha ni mikono. Ilimlegea kabla hajasuka mistari miwili. Akaanza kuwakalisha wateja sakafuni ili asiinyanyue.

"Uvivu huo una ufundi!" wifi yake akamtania. Saluni nzima ikacheka.

Siku hiyo alikuwa akimsuka muuguzi. Alitaka kuinuka kwenye stuli, mapaja yakagoma. Akajaribu tena, akarudi chini puu! Wifi akampa maji. Maji yakampalia, yakamtokea puani.

Hakuna aliyecheka.

Muuguzi aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Akamshika vidole. Kwenye vifundo kulikuwa na mabaka mekundu.

"Dada, hii si rangi. Nimeiona wodini. Kinga ya mwili wako huenda inaishambulia misuli yako."

"Mwili wangu unipige mimi mwenyewe?"

"Ndiyo. Na sasa ugonjwa umefika kooni. Ukipaliwa vibaya, chakula kitaingia mapafuni. Twende hospitali."

"Na nywele zako?"

"Achana na nywele!"

Hospitalini walimpima damu, wakachukua na kipande kidogo cha msuli. Daktari akathibitisha.

"Hauambukizi," alisema.

Wifi, aliyekuwa amejitenga hatua mbili, akasogea kwa aibu.

Daktari akampa msusi vidonge vya steroidi vya kuituliza kinga ya mwili. "Usiviache ghafla, hata ukipata nafuu. Tutavipunguza sisi, kidogo kidogo. Na jikinge na jua, linachochea mabaka."

Mtaalamu wa viungo akamfundisha mazoezi mepesi ya kila siku.

Vidonge vilimvimbisha uso kama puto. Kioo kilimshtua kila asubuhi. Alitamani kuvitupa. Hakuvitupa. Alirudi kliniki kila tarehe aliyopangiwa.

Mwezi wa saba wa matibabu alisimama nyuma ya mteja, mikono juu. Wifi akawa anahesabu mistari kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na sita. Hapo sauti ikamkatika, machozi yakamtoka.

"Unalia nini?" msusi akamwuliza, vidole vikiendelea kusuka. "Niletee kitana, tuna kazi hapa."