Mlio wa Kiti cha Mama

Soko la vitu vilivyotumika lilikuwa limefurika, na watu wawili walikuwa wameshika meza ileile, kila mmoja upande wake, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye muuzaji.

"Bei ya mwisho?" aliuliza mwanamke.

"Si ndicho ninachokuuliza wewe, dada!"

Mwanamume alikuwa seremala, penseli sikioni, shati limejaa vumbi la mbao. Mwanamke alikuwa mshonaji wa mapazia, gauni la kijivu lililonyooka kwa pasi, kwapani amebana taa ya kioo cha kijani. Waliowasikia walicheka. Mshonaji aliona kabisa kwamba inachekesha, ila kicheko hakikuja. Tangu mama yake afariki alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini hausikii kitu.

Seremala alimwachia meza kwa sharti kwamba miguu ya meza iliyolegea aitengeneze yeye. Kwa ujanja huo akapata namba ya simu.

Nyumba ya wazazi ilikuwa imebaki kuta. Kaka zake mshonaji walikuwa wamebeba vyombo vyote isipokuwa kiti cha bembea cha mama, kwa kuwa kilikuwa kikipiga kelele. Basi aliijaza taratibu: kabati la jirani aliyehama, kioo chenye ufa, mapazia aliyoyashona kwa magauni ya mama. Na kila jioni simu ya seremala ililia.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sijui. Chakula."

"Haya, Bi Pazia. Kesho nakuja kukulisha mwenyewe, nione kama utasahau."

Alimpenda. Alilijua hilo kwa jinsi alivyoisubiri simu, ingawa moyoni hakusikia lolote.

Siku aliyomwachia seremala ufunguo ili amalize meza, alirudi kutoka kazini, akakisukuma kiti cha mama kwa kidole kama kila jioni. Kikabembea kimya.

"Nimekikaza viungo, nikatia gundi," seremala alisema kwa furaha. "Kilikuwa kinasumbua mtaa mzima!"

"Nani alikutuma?"

"Mpenzi, nilitaka—"

"Mama alikuwa anashona hapo. Nilipokuwa kitandani nikisikia ule mlio, nilijua yupo. Kitu kingine chochote hakinigusi humu ndani. Ni huo tu."

"Sikujua."

"Kuuliza si ujinga, fundi. Naomba ufunguo wangu."

Hakupaza sauti wala hakutoa chozi. Hata hasira hakuwa nayo, na hilo lilimtisha kuliko ukimya wa kiti. Seremala aliweka ufunguo mezani, akaomba jambo moja tu: aondoke na kiti. Akakibeba begani.

Kesho yake simu ililia mshonaji akiwa kwenye cherehani.

"Sikiliza." Ng'ii, kiti kikalia.

"Siyo."

"Na huu?"

"Huo ni bata."

"Bata huyo amenitoa jasho! Hapa karakana wanasema nimerukwa na akili, nalegeza nilichokikaza mwenyewe. Niambie, mama alikuwa anakaaje?"

Tangu msiba, watu walimuuliza mama aliugua nini. Alivyokuwa anakaa, hakuna aliyeuliza.

"Alikuwa mnene," alisema polepole. "Nyonga ya kulia ilimuuma, kwa hiyo aliegemea kushoto. Kushoto kabisa, mpaka tukidhani ataanguka."

"Kushoto," seremala alirudia. "Kumbe nilikuwa nahangaika na upande wa kulia."

Alikuja jioni akihema, kiti begani. Akakiweka palepale, chini ya dirisha.

"Kaa. Egemea kama yeye."

Mshonaji alikaa. Akaegemea kushoto, akajibembeza. Mlio mrefu ukatoka wakati wa kwenda, mfupi wakati wa kurudi. Akajibembeza tena. Machozi yaliyokawia tangu mazishini yakamshuka mpaka kwenye kola ya gauni.

Seremala alishtuka, akapiga magoti kando yake.

"Nimekosea tena?"

"Nyamaza, nasikiliza." Akautafuta mkono wa seremala, akaupata, akaubana. "Chukua ufunguo mezani. Ila humu ndani usikaze kitu kabla hujaniuliza."

"Basi naomba kuuliza jambo moja sasa hivi."

"Nalijua. Uliza kesho, mpenzi, nitakubali. Leo niache nilie."