Picha za Harusi ya Hodan

Asubuhi za Mwingi huanza na honi za malori ya Garissa, na Ndila akifagia vumbi mlangoni pa studio yake ya picha. Siku hiyo fagio lilibaki chini. Ndila alitoka mbio mpaka duka la jirani, kwa Abdiaziz, fundi wa kompyuta.

"Abdi, nimekwisha! Nimefuta picha za harusi ya Hodan!"

Nakala nyingine hakuna. Kwenye picha hizo alikuwemo nyanya ya Hodan, aliyefariki wiki iliyopita. Na Hodan alikuwa njiani, anakuja kuzichukua.

"Pole pole. Umefanya nini?"

Ndila akaeleza. Kompyuta yake hutumia Linux. Alikuwa anaondoa programu ya zamani ya kutuma picha kwa simu za wateja, ili aweke mpya. Programu hiyo ilikuwa na akaunti yake, jina lake mtumaji. Akafuta akaunti pamoja na folda yake ya nyumbani.

"Na folda hiyo ni ipi?"

"Ile ya picha zangu zote. Nilipofungua akaunti niliona lazima niipe mahali pa kukaa. Sasa mgeni utamwacha nje?"

"Wee Ndila! Programu si mgeni, hailali!" Abdiaziz alicheka, kisha akaenda kuangalia. Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa Kiingereza. "Hapa ulisoma?"

"Nisome aje na nimejaa machozi?"

"Kompyuta imekataa. Inasema mwenye folda si mtumaji, kwa hivyo haifuti. Mwenyewe ni wewe. Fungua."

Picha zote zilikuwepo. Ndila akaanguka kwenye kiti cha wateja. "Asante Yesu! Wueh, asante!"

"Siku nyingine huenda usiponee," Abdiaziz alisema. "Kabla ya kufuta, andika getent passwd na jina la akaunti, uone folda yake ni ipi. Akaunti ya programu ikiwa haihitaji kuweka kitu, usiipe folda. Ikihitaji, ipe ndogo yake chini ya /var/lib, pale programu huweka vitu vyao. Folda ya mtu, hapana. Na picha zako, weka nakala kwa flashi leo hii."

Wakafungulia programu mpya akaunti isiyo na folda ya nyumbani. Wakairuhusu kusoma picha tu, si kuzifuta.

Hodan alipofika, picha ya kwanza kuingia kwa simu yake ilikuwa ya nyanya, mikono ina hina, anacheka mpaka macho yamefumba. Hodan akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso, alimkuta Ndila anapangusa machozi.

"Dada, nyanya ni wangu," akasema. "Mbona wewe ndiye unalia?"