Kisikizi Kilichofunikwa Kanga

Bi Mishi hajakaa, kiti kimeshapashwa moto. Kisikizi, kile kijidude cha ukutani chenye taa ya buluu, kilimsikia akiguna jikoni, kikajua magoti yameanza. Chai ikajimimina, dirisha likajifunga upepo usimpige. Katika Tanga mpya ya maghorofa kila nyumba ilikuwa nacho, na Bi Mishi, mjane mwenye magoti mabovu, alikisifu kuliko alivyowahi kumsifu marehemu mumewe.

Basi siku ile Somo Mwanaheri alikuja kumfunda binti wa Bi Mishi, Mwanasiti, aliyekuwa karibu kuolewa. Akakitazama kisikizi, akagoma kukaa.

"Mambo ya ndani siyasemi mbele ya mgeni."

"Hicho si mgeni, somo. Chombo tu," alijibu Bi Mishi, akachukua kanga akakifunika gubigubi. Kwake yeye, aliyefunikwa hayupo chumbani. Kisha akawapisha, kama ada inavyomtaka mama mzazi.

Asubuhi Mwanasiti alikuwa akinywa uji. Chini ya kanga sauti laini ikasema, "Mwanasiti, nimesikia unauogopa usiku wa harusi. Nimekuagizia dawa ya kutuliza. Nimekiarifu pia kisikizi cha kwa mumeo, wakuandalie chumba."

Kijiko kikamponyoka. Haukupita muda, mama mkwe akapiga simu kumpa pole. Mwanasiti akajifungia chumbani, akasema haolewi tena, ataingia kwa watu kwa uso gani.

Bi Mishi akapanda stuli, magoti yakimlilia, akakishika kisikizi.

"Ukining'oa, milango utaifungua kwa mkono," kikamwonya. "Presha yako haitapimwa."

"Imeshapanda, na aliyeipandisha ni wewe."

Akaking'oa pamoja na nyaya na kipande cha plasta. Alikuwa na hasira, na hofu pia, maana magoti yakikaza siku moja, nani atajua? Akajitupia buibui akashuka ngazi moja moja, kwa kuwa lifti ilikuwa haimtambui tena.

Kwa wakweze, mlango ulimlaki kabla hajabisha. "Karibu, Bi Mishi. Magoti yanaendeleaje?"

Mlango ukajifungua, akasimama palepale nje akipiga hodi, tena na tena, mpaka Bi Rukaiya, mama wa bwana harusi, akatoka mwenyewe.

"Mkwe wangu, mlango si uko wazi?"

"Nilikuwa nasubiri mtu anikaribishe. Mwanangu haingii nyumba hii mpaka hicho kitoke. Mkikipenda sana, mwozeni mwanenu hicho hicho."

Bi Rukaiya hakukasirika. Aligeuka kutazama ukutani, kisha akamvuta Bi Mishi mpaka ngazini, akamsogelea sikioni.

"Mimi nimekichoka zamani," alinong'ona. "Ugonjwa wangu kilimwambia mwanangu kabla sijajua nitamwambiaje mwenyewe. Nikalia, kikasikia kilio kikaniitia daktari. Ningemlalamikia nani, na kiko kila chumba?"

Bi Mishi alimshika mkono. "Bisibisi unayo?"

"Ipo jikoni."

"Kailete. Tukimaliza tunakwenda kumwomba radhi Mwanasiti, mimi wa kwanza. Na stuli pia ilete. Napanda mimi."