Kuba la Pumzi

Kuba la pumzi lilishuka taratibu juu ya kitanda cha hospitali, likamfunika Yumna pasipo kumgusa. Miale yake ilisoma kila pumzi iliyoingia na kutoka mapafuni mwa mtoto huyo wa miezi saba, ikaichora ukutani kwa mstari wa buluu. Zamani watoto wa Tanga walivishwa barakoa na kunyweshwa dawa ya usingizi ndipo wapimwe. Kuba lilitaka jambo moja tu: mtoto alale mwenyewe.

Yumna alikataa katakata.

"Mpe kanga yangu," alisema bibi yake, Bi Mwanamkasi, akimgeukia daktari. "Huyu halali bila harufu yangu."

Yeye ndiye aliyemlea, maana mama mtu alikuwa fundi katika kituo cha angani. Bi Mwanamkasi hakuwa mwoga, lakini miluzi ya kifua cha mjukuu wake ilimtia hofu ya kumzika.

Kanga ikaingia. Yumna akashika pindo, akalala fofofo.

"Mashine yote hiyo, imeokolewa na kanga!" Bi Mwanamkasi alicheka.

Punde pumzi zikabana, mstari wa buluu ukasinyaa. Kuba likaivuta hewa chafu, likaionja, kisha likatamka kwa upole: mzio, moshi wa udi.

"Bibi, kanga hii unaifukiza?" aliuliza Dakta Shemdoe.

"Mwanangu, nguo ya mtoto isiyofukizwa ni nguo hiyo? Nafukiza kanga, nafukiza kitanda, na nywele zangu. Tena akibanwa kifua naongeza udi, nimfukuzie ubaya..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Kumbe ni mimi."

"Ni moshi, Bibi. Si wewe."

"Moshi haujiwashi, mwanangu."

Mtoto alibaki hospitalini. Bi Mwanamkasi alirudi nyumbani, akatupa chetezo cha kufukizia udi, akafua kila kitambaa, akaoga kwa sabuni isiyonukia. Nywele ziligoma kuachia udi wa miaka yote ile, akazinyoa.

Asubuhi alimpokea Yumna mikononi. Mtoto alilaza kichwa begani, akanusa shingo, akanusa tena, kisha akajipindapinda na kulia kama aliyebebwa na mgeni. Bi Mwanamkasi aliumia, aliumia hasa. Lakini kilio kile kilikuwa kikubwa, cha kifua kilichofunguka, wala hakikuwa na mluzi hata mmoja.

"Lia, mjukuu wangu," alisema, machozi yakimtoka. "Lia, nikusikie."