Tundu Kwenye Mfuniko wa Pipa

Pigo la kwanza alilipiga mwanamke. Jambo hili liandikwe mapema, ili baadaye asitokee mtu wa kudai kwamba wawili hawa walianza kwa kutazamana.

Ilikuwa saa sita mchana, sokoni kwa vyuma chakavu, mahali ambapo wauzaji hupiga kelele kuzishinda nyundo na nyundo hazikubali kushindwa. Katikati ya rundo la mabomba lilisimama pipa moja la chuma kizito, halina kutu hata chembe, na mfuniko wake wa kufunga kwa boliti. Upande mmoja wa pipa ulikamatwa na Fundi, mchomeleaji mrefu aliyevaa ovaroli iliyotobolewa na cheche mpaka ikafanana na chekeche. Upande wa pili ulikamatwa na Mkemia, msichana mwenye kilemba cha manjano, koti la maabara lililowahi kuwa jeupe, na buti za mpira zilizomzidi namba mbili.

"Dada, achia. Nimeliona kwanza."

"Umeliona kwa jicho gani? Hilo lililovimba?"

"Jicho langu halijavimba."

"Subiri kidogo."

Ngumi ikatua. Fundi akaachia pipa ili ashike jicho, pipa likamwangukia mguuni, na ukucha wa kidole gumba ukaiaga dunia. Watu wakapiga makofi. Fundi hakulia. Alilikalia pipa huku damu ikimtoka, akakunja mikono kifuani.

"Haya, libebe. Mimi nitakuwa juu."

"Wewe ni mchomeleaji?"

"Nilikuwa, enzi zile nilipokuwa na macho mawili."

"Nahitaji mchomeleaji," alisema Mkemia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Meno yalikuwa mazuri. Fundi aliyaona vizuri sana kwa lile jicho lililobaki.

Ndivyo pipa lilivyohamia uani kwa Mama Mashine, mama mzazi wa Mkemia, mwenye mashine kuukuu ya kusaga mahindi na mlima wa magunzi nyuma ya nyumba. Watu wengine huyachoma magunzi ili yaondoke. Mkemia aliyataka yabaki, lakini yakiwa mafuta.

Kazi ilikuwa hivi. Magunzi hutiwa ndani ya pipa, mfuniko hukazwa, moto huwashwa chini. Kwa kuwa ndani hakuna hewa, magunzi hayawaki. Hutoa moshi mzito. Moshi huo hupita kwenye bomba lililojaa vidonge vya maganda ya mayai na vumbi la matofali mekundu, vilivyookwa vikawa vigumu. Hicho ndicho kichocheo: huuvunjavunja moshi ili ukipoa kwenye maji baridi utone mafuta mepesi badala ya lami. Wenye maabara kubwa hutumia madini ya thamani. Mkemia alitumia maganda aliyoyaomba kwenye duka la mikate, akitembea mjini na gunia mgongoni na harufu ya mayai iliyomtangulia kwa hatua kumi.

"Kwa hiyo kinachochea wenzake, chenyewe hakiishi?" aliuliza Fundi, akiunga bomba. "Kama mimi."

"Kichocheo hakisemi sana. Na kinaziba kwa masizi, lazima nikibadilishe mara kwa mara."

"Usinibadilishe mimi, laazizi."

"Chomelea."

Mwezi haukuisha, wakawa wanapigiana simu hata wakiwa chumba kimoja. Fundi alinunua shati la zambarau, akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Lakini kila akimwalika mpenzi wake kutembea, jibu lilikuwa moja.

"Leo siwezi, kipenzi. Pipa liko motoni."

"Pipa, pipa! Siku moja nitaliua hilo pipa lako, niapishe!"

Mkemia alicheka. Alikuwa na sababu ya kutobanduka. Mama Mashine alikwisha kutamka: wakulima wangekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutazama. Mashine ikisaga kwa mafuta ya magunzi, uwanja ni wa binti. Isiposaga, binti anafungasha, anakwenda kufundisha kemia kwenye shule ya bweni, safari ya siku mbili. Barua ya kazi ilikuwa tayari kabatini. Kufundisha kemia bwenini ni adhabu ambayo haifai kutamkwa mbele ya watoto, na huko hakuna mchomeleaji mwenye shati la zambarau.

Sasa tufike kwenye uhalifu.

Jumanne moja Mkemia alikwenda kuchukua maganda. Fundi akabaki peke yake na pipa, akalikagua kwa jicho la mapenzi, na juu ya mfuniko akaona tundu. Tundu dogo, la kupitisha penseli. Na lilikuwa limezibwa kwa udongo!

Moyo wa mchomeleaji ukapasuka. Mpenzi wake anaziba chuma kwa tope, kisha anaona haya kumwambia! Akaung'oa udongo, akakata kisahani cha chuma, akakichomelea juu ya tundu, akapiga msasa mpaka pakang'aa, kisha akatabasamu kama bwana harusi. Hakusema neno. Alitaka iwe zawadi.

Jumatano Mkemia aliwasha moto kabla hakujapambazuka, na mfuniko hakuutazama. Saa nne asubuhi, kichocheo kiliziba kwa masizi. Moshi ulitafuta pa kupita, haukupata. Pipa likavimba ubavuni, likanguruma, likapasuka.

Kipande kimoja kilitoboa paa. Cha pili kilikata kichwa cha jogoo wa jirani, naye jogoo akaendelea na safari zake kwa muda, akiwa hana taarifa. Mfuniko uliruka ukavunja dirisha na kutua kitandani kwa Mama Mashine, ambaye kwa rehema alikuwa jikoni. Mwale wa moto ukamramba Mkemia mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Alipiga yowe ambalo hata nyundo za sokoni zilinyamaza kulisikiliza.

Fundi alikuja mbio. Kaka mtu alikuja mbio zaidi. Kaka huyu alikuwa mchinjaji, mwenye mikono kama mapaja ya ng'ombe, na hakuwa mtu wa maswali mengi.

"Nani aligusa pipa la dada yangu?"

"Mimi, lakini—"

Sentensi hiyo haikumalizika. Jino likatoka. Mbavu mbili zikavunjika, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Fundi akamng'ata kaka sikio mpaka damu ikamjaa mdomoni, na watu wanne wakawatenganisha kwa ndoo ya maji.

Jioni simu ikalia. Mkemia alikuwa hospitali, mkono umefungwa bendeji nyeupe.

"Uliliziba lile tundu?"

"Nililiziba. Nilitaka nikufu—"

"Ulisema utaliua."

"Mpenzi, ule ulikuwa utani!"

"Mkono wangu hautanii."

Simu ikakatwa. Fundi akalala chali, kwa kuwa ubavu haukuruhusu namna nyingine, akatazama dari siku tatu.

Siku ya nne Mama Mashine alichoka kulala na chuma. Akaubeba mfuniko hadi mezani, mbele ya wanawe.

"Uondoeni huu. Unanichania shuka."

Mkemia akaugeuza. Pipa lilikuwa limechanika kila mahali, ila mahali pamoja tu, pale palipozibwa, palikuwa pazima kabisa. Palichomelewa kwa mistari midogo iliyopangana kama magamba ya samaki. Pembeni, kwa herufi zilizochorwa taratibu kwa ncha ya msumari, paliandikwa: HALIVUJI TENA, KIPENZI.

Mkemia akasoma mara mbili.

"Hivi," alisema kaka, akijikuna bendeji ya sikio, "lile tundu lilikuwa la nini?"

"La usalama. Ule udongo ni kizibo. Moshi ukizidi unakirusha nje, pipa linapumua, halipasuki."

"Mbona hukutuambia?"

Mkemia akauweka mfuniko mezani. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa ameeleza vidonge, maganda, bomba, maji baridi, lakini tundu lile aliliona dogo mno kuelezwa. Akachukua simu kwa mkono mzima.

"Fundi."

"Naam."

"Una mbavu ngapi?"

"Nzima? Ishirini na mbili."

"Zinatosha kuchomelea?"

"Kuchomelea nini?"

"Pipa. Wakulima wanakuja Jumamosi. Na mimi... mimi ndiye niliyekosa kusema."

"Mimi ndiye niliyekosa kuuliza."

"Tutagombana baadaye. Njoo."

Fundi alifika getini akiwa amevaa shati la zambarau, pipa jipya juu ya mkokoteni. Kaka mtu alikuwa anasubiri, ngumi imekwisha kuinuka. Kabla haijashuka, spana namba ishirini na nne ilimpata kwenye goti, akaanguka kama gunia.

"Kaka," alisema Mkemia, spana mkononi, "huyu wa kumpiga ni mimi peke yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," lilijibu gunia.

Jumamosi wakulima walijaa uani, wakinong'ona na kutazama tobo la paa. Mashine iliwashwa kwa dizeli kidogo, kisha Mkemia akafungua bomba la mafuta ya magunzi. Ikakohoa, ikakohoa tena. Mama Mashine akafumba macho. Fundi akashika mbavu zake zote. Mashine ikashika kasi, na unga mweupe ukamiminika.

Wakati huohuo, pale motoni, kichocheo kiliziba. Pipa likanguruma. Wakulima waliokuwa mbele wakawa nyuma, wengine wakaruka ukuta. Kizibo cha udongo kikafyatuka kwa mluzi mkali, kikamgonga kaka mtu katikati ya paji la uso, akaanguka kwa mara ya pili wiki hiyo. Moshi ukapumua. Pipa likatulia. Mashine ikaendelea kusaga.

"Hiyo ndiyo kazi ya tundu," alisema Mkemia.

"Kumpiga kaka yako? Nimelipenda."

"Ungeuliza."

"Kuanzia leo nitauliza kila kitu."

"Basi uliza."

Fundi akaelewa. Akapiga goti, akapiga na yowe, kwani mbavu hazikushauriwa. "Mkemia wa moyo wangu, utakubali nikuoe?"

"Inuka kwanza."

"Siwezi."

"Basi nakubali ukiwa hapo hapo chini."

Kaka mtu, uvimbe wa udongo usoni, alijikongoja mpaka kwa shemeji yake mpya. Akamwinua, akamkumbatia kwa nguvu zake zote na upendo wake wote. Watu wa karibu walisikia kitu kikilia: *kach*.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza Mkemia.

"Ishirini na moja," alinong'ona bwana harusi.

"Zinatosha."