Panga la Kuazima

Maiti ilikuwa chali kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kichwa uani, miguu imegusa kizingiti. Juu yake kiyoyozi cha dirishani kilinguruma kama kawaida. Ilikuwa alasiri ya Agosti katika mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, saa ambazo hata paka hawatoki kivulini.

Inspekta Mbarouk Seif alichuchumaa, akamtazama marehemu usoni, akamtambua. Alikuwa Gaudensi, fundi wa kreni bandarini, Mtanzania wa Songea, kijana mcheshi aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa na tundu moja la risasi kifuani.

Nyumba yenyewe Mbarouk aliijua chumba kwa chumba. Ilikuwa ya ami yake, Hilal, ndugu wa marehemu baba yake, mtu aliyemtoa Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka kumi na sita, akamlea, akamsomesha mpaka akavaa nyota za polisi wa nchi hii. Kila Ijumaa alikula wali humu. Sasa alisimama uani humo humo na watu wa gari la maiti wakimsubiri wakiwa na sanda mkononi.

"Nani kawaambia mje na sanda?" aliwauliza.

Wakamnyooshea kidole Sajini Dakhil, msaidizi wake, Mwarabu wa Taif, mtu mpole asiye na hila. Dakhil alieleza kwamba yeye ndiye aliyepokea simu kituoni. Mzee mmoja alitaja nyumba, akasema kuna mtu amekufa, akakata. Dakhil akaandika kifo cha kawaida, akapeleka gari la kuchukua maiti.

"Mtu ana tundu kifuani, Dakhil."

"Mzee alisema *ajal*, bwana. Alisema *sar ajal*, mara mbili. Mimi ningefahamu nini?"

Mbarouk alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Damu ilimpanda kichwani, na si kwa Dakhil. Kwa Mwarabu, *ajal* ni siku ya mtu aliyopangiwa na Mungu, na siku hiyo hufika, haitokei. Mwarabu gani anasema *sar*, imetokea? Kinachotokea ni ajali, na neno hilo kwa maana hiyo ni la Waswahili. Aliyepiga simu alikuwa anawaza Kiswahili na kulipitisha neno lake mdomoni kwa Kiarabu. Tena aliita ajali kabla ya polisi kuiona maiti. Mbarouk aliliweka hilo moyoni, akawaamuru watu waondoke na sanda yao.

Ndani ya nyumba alikutwa mtu mmoja tu, Mwatime, mtumishi kutoka Kwale, pwani ya Kenya, mwanamke wa makamo asiye na makuu. Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mikono mapajani. Alisema bosi amesafiri kwenda Riyadh tangu asubuhi, dukani kwake. Kila swali baada ya hapo alijibu hajui.

Kanali Dhafir, mkuu wa Mbarouk, alitosheka na hayo, akaamuru Mwatime afungwe. Mwanamume kauawa mchana mlangoni pa jikoni, na ndani yuko mwanamke peke yake. Hawara wamegombana, basi, yamekwisha. Faili lingepelekwa Riyadh kabla ya wiki kumalizika. Mbarouk alijua faili la namna hiyo likishafika huko linarudi na nini. Linarudi na upanga, na shingo ingekuwa ya Mwatime.

"Na bunduki aliitoa wapi, mheshimiwa?"

"Mji umejaa bunduki. Kwa nini unadhani tumetoa amri?"

Amri hiyo ilikuwa imetoka mwezi uliotangulia: hakuna raia wala mgeni kuweka silaha ndani ya mji, kila aliye nayo aikabidhi kituoni. Fedha za mafuta zilikuwa zimeleta watu wa kila aina, na kila harusi ilikuwa vita vya angani. Mabedui walinung'unika. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa jirani wa Hilal, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Dolan, ambaye ukuta wa uani kwake uliegemeana na wa Hilal. Mbarouk alianzia kwake.

Dolan alitoa bastola mwenyewe, akaiweka juu ya meza, asiikabidhi. Alimhubiria inspekta kwamba kwao haki ya kubeba silaha imeandikwa katika katiba, kwamba raia asiye na bunduki ni kondoo, na kwamba jambo hilo amemweleza hata mzee jirani yake, naye mzee akamwelewa vizuri kuliko serikali yake.

"Katiba yako uliiacha uwanja wa ndege ulipopanda kuja huku," Mbarouk alimwambia. "Bastola nachukua."

Aliichukua, lakini haikumfaa. Daktari wa uchunguzi wa maiti alitoa mwilini risasi ndefu ya bunduki ya vita, ya Kiingereza, isiyoingia kabisa katika mtutu wa bastola ile. Daktari akaongeza jambo jingine. Kiganja cha kulia cha marehemu kilikuwa na malengelenge mapya na utomvu wa mti, na kilinuka mwarobaini.

Mbarouk akaenda chumbani kwa Gaudensi. Nje ya dirisha matawi ya mwarobaini yaliyozuia upepo yalikuwa yamekatwa, yamelundikwa vizuri pembeni. Yalikatwa kwa panga. Alitafuta chini ya kitanda, bafuni, darini, na panga hakuliona. Mwenye nyumba alimwambia yule kijana hakuwa na panga, aliazima kwa jirani.

Alirudi kwa Mwatime mahabusu, akakaa mbele yake.

"Panga la ami lilikuwa kwa Gaudensi?"

Kwa mara ya kwanza yule mama alimtazama usoni. "Nilimpa mimi. Bosi alikuwa hajui."

"Akaja kulirudisha?"

"Kamuulize ami yako."

"Nakuuliza wewe. Watakukata shingo, Mwatime. Unafahamu hilo?"

"Nafahamu. Lakini yeye ni kafili wangu, ndiye aliyenidhamini nchini, pasi yangu anayo mfukoni, na wewe ni mtoto wake. Nikisema, nitakuwa nimemwambia nani?"

Mbarouk alitoka mle akiwa amefura. Hakujua amkasirikie nani kwanza, yule mama aliyemwona yeye na ami yake kitu kimoja, au nafsi yake iliyokuwa ikitamani, tangu aliposikia habari ya simu, kwamba yule mama awe na hatia.

Asubuhi alipanda ndege kwenda Riyadh na Dakhil, wote wamevaa kiraia.

Duka la Hilal lilikuwa Al-Sulimaniyah, katikati ya maduka ya vitambaa, majora yamesimama ukutani mpaka dari. Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyeendesha gari jangwani bila kulala. Alimkumbatia Mbarouk, akamwita mwanangu, akaagiza kahawa. Mbarouk alimwambia mwenzake aliyefuatana naye ni mtu wa serikali, hajui Kiswahili, na anataka kusikia kwa kinywa cha mwenye nyumba habari zilizomfikia.

Hilal alihamia Kiarabu chake, kile cha sokoni, ambacho miaka kumi na mitatu haikukitengeneza. Akaeleza kwamba hakuwepo, aliondoka asubuhi, habari alizipata kwa simu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"*Sar ajal*," akamalizia. "Masikini, *sar ajal*."

Dakhil akaweka kikombe chini. Alimtazama Mbarouk, akasema kwa sauti ndogo, "Ni yeye."

Mbarouk alianza kugusa majora moja moja, akisukuma kila moja kwa kiganja. Jora la kitambaa cheusi cha mabaibui halikutikisika. Alilivuta, likaanguka kwa kishindo kisicho cha kitambaa. Alilikunjua palepale sakafuni, mbele ya wateja. Ndani mlikuwa na bunduki ya Kiingereza ya zamani, imepakwa mafuta, imetunzwa. Pembeni yake mlikuwa na panga lenye utomvu mkavu.

Wateja walitoka wenyewe. Hilal alikaa juu ya kiti chake, na ule uso wa masikitiko ukamtoka.

"Umeipata wapi, ami?"

"Nimeinunua kwa Bedui njia ya Taif, mwaka ule ule tuliofika. Usinitazame hivyo. Babako alikuwa na bunduki. Akaja mtu na karatasi, akamwambia toa, wenye nyumba hawana haja ya silaha, serikali ipo. Akatoa kwa mkono wake. Wiki haikwisha, waliokuja mlangoni, watu wa bara, walikuja na mapanga, na yeye kashika nini? Kashika tasbihi. Mie nilikuwa juu ya dari, naona kila kitu. Halafu hapa nako wananiletea karatasi ile ile, toa bunduki. Yule Mmarekani kasema kweli. Kwao imeandikwa, serikali haina ruhusa ya kumvua mtu silaha yake. Sisi hatukuandikiwa na mtu, basi nilijiandikia mwenyewe."

"Na Gaudensi?"

"Niliamka usingizini. Mtu wa bara kasimama mlangoni kwangu na panga mkononi, kimya. Ungefanya nini wewe? Niliogopa, Mbarouk. Nikapiga. Halafu nikaona nimefanya ajali, nikapiga simu, nikakimbia. Kama ningebaki wangenihukumu kwa bunduki kabla ya kunihukumu kwa mtu."

Mbarouk alitaka sana kumwamini. Hofu ile aliijua, alilala nayo kitanda kimoja utoto wake uliobaki. Alimtia pingu, lakini ndani ya ndege alimkatia mkate akamlisha mwenyewe. Mtu aliyeua kwa hofu ataongea na kadhi, atalipa diya kwa jamaa wa marehemu, huenda akaishi. Lakini hakuacha kuwaza kwa nini mtu mwenye hofu tu amwache mwanamke akatwe shingo kwa niaba yake.

Jeddah alimpeleka ofisini, akamketisha na pingu zake, akaagiza Mwatime aletwe. Mama yule alipoingia na kuona mikono ya kafili wake imefungwa, na aliyeshika ufunguo ni Mbarouk, alisimama muda akiwatazama wote wawili. Kisha akaketi bila kuambiwa.

"Anasema Gaudensi alikuja kimya," Mbarouk alimwambia. "Anasema aliogopa."

"Hakuja kimya. Alipiga hodi."

"Wewe Mwatime," Hilal alisema.

"Alipiga hodi mara mbili, baba, na jina lake akalitaja. Hodi, ni Gaudensi, nimeleta panga lenu. Mimi nilikuwa nafua, mikono ina sabuni, nikataka kwenda. Bosi akanikataza kwa mkono. Akaingia chumbani, akatoka na bunduki, akasimama nyuma ya mlango akaivuta tayari. Halafu akaitikia. Akasema, karibu. Yule kijana akafungua mlango kwa kuwa ameambiwa karibu."

Dakhil, aliyekaa pembeni, hakufahamu neno hata moja, lakini aliinua uso.

Mbarouk alimgeukia ami yake. "Uliitikia karibu?"

Mzee alizitazama pingu zake.

"Nakuuliza mimi mwana wa Seif. Mtu amepiga hodi kwako, ametaja jina, ukasema karibu, ukampiga?"

"Nilitaka mmoja," Hilal alisema.

Alisema taratibu, bila kujitetea, kama mtu aliyechoka kubeba. "Miaka yote hii nilitaka mmoja tu. Nimeitia mafuta ile bunduki kila mwezi kwa ajili ya mmoja. Nikawa najiambia ni ya kujilinda, na yule Mmarekani akanipa maneno ya kuipambia. Kisha Mungu ananiletea mtu wa bara, na panga, mlangoni kwangu, mchana kweupe, nami safari hii siko juu ya dari. Usiniulize jina lake. Hata angetaja majina kumi, mimi nilikuwa nimeshalisikia neno panga."

"Lilikuwa panga lako, ami."

"Nililijua nilipoliokota."

"Mwaka ule Gaudensi alikuwa mtoto wa shule Songea. Hajawahi kuiona Unguja. Hata bahari aliiona alipokuja kutafuta kazi." Mbarouk alikuwa amesimama, na sauti yake ilisikika mpaka ukumbini. "Wamemuua baba yangu, si baba yako. Kama kuna mtu wa kudai, ni mimi. Nani kakupa ruhusa unidaie kwa damu ya fundi wa kreni? Na huyu mama je? Naye alikuja Unguja na panga? Umempakia mzigo wako ukaenda zako kuuza vitambaa!"

"Nilidhani wewe ungenielewa."

"Nakuelewa. Nakuelewa kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na ndicho kinachonitia hasira."

Hilal alitia saini maungamo yake kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kanali Dhafir alisoma, akakuna kidevu, akaagiza mwanamke aachiwe. Halafu akauliza nani sasa kafili wake, na aliposikia kafili ndiye aliyefungwa, akasema *halas*, basi, hana kafili hana ikama ya kukaa nchini, arudishwe kwao.

Mbarouk alimwambia Mwatime kwamba yeye yuko tayari kumdhamini, abaki, afanye kazi atakapo.

"Kafili mwingine wa nyumba ile ile?" Mwatime alisema. "La, baba. Nakushukuru. Maiti ya Gaudensi inaondoka lini?"

"Keshokutwa, kwa ndege ya Dar es Salaam."

"Basi nikatie na mimi ndege hiyo. Wenzake bandarini washapeleka habari kwao kwamba aliuawa akivunja nyumba ya watu. Ana mama yule. Lazima mtu afike amwambie kwamba mwanawe alipiga hodi, na akakaribishwa."

Mbarouk alienda mahabusu, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu ya ami yake bila kumsalimia, akatoa pasi yenye jalada lililokunjika. Alirudi akamkabidhi mwenyewe mkononi. Mwatime aliifungua, akahakikisha ni picha yake, akaitia kifuani ndani ya nguo, akaketi kwenye benchi la ukumbini kusubiri.