Tabaka la Chini

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Cheruto na Namalwa waliwalisha vifaranga wa shule yao huko Rhonda, Nakuru, bila kusemezana. Mmoja alimwaga chakula, mwingine maji, na kila mmoja alitamani mwenzake ajikwae. Uadui huo ulianza Namalwa alipochaguliwa kiongozi wa chama cha sayansi, cheo ambacho Cheruto alikuwa amekimezea mate.

Chama kilikuwa kinatengeneza bodi ya umeme ya kuwasha na kuzima taa ya kuwapa vifaranga joto. Cheruto ndiye aliyeichora. Ilikuwa na matabaka mawili ya njia za shaba, yaliyobandikwa pamoja. Mwalimu Hiram aliwaonya kwamba kati ya njia ya umeme mkali na njia inayofikia mikono ya watu, lazima pawe na nafasi ya milimita nane katika kila tabaka, umeme usije ukaruka.

"Ongeza kipimajoto cha pili," Namalwa aliamuru.

"Nafasi imeisha."

"Basi tafuta! Ama kuchora kumekushinda?"

Cheruto alifura kwa hasira. Tabaka la juu akaliacha na milimita zake nane. Katika la chini, ambalo hakuna ambaye angeliona, akapitisha njia ya kipimajoto cha pili milimita moja tu kutoka kwa umeme mkali. Kisha akabandika matabaka na kujaza fomu ya usalama: nane juu, nane chini.

Siku ya wazazi, Mwalimu Hiram alipima juu kwa rula, akasoma fomu, akatia sahihi. Plagi ikachomekwa. Namalwa alikuwa ametoka kuosha vyombo vya vifaranga na mikono yake ilichuruzika maji.

"Nikishika kipimajoto hiki cha pili kikapata joto la mkono," aliwaambia wazazi, "taa itazimika."

Cheruto alimchukia msichana huyu kwelikweli. Hata hivyo, hakutaka kumwona akifa.

"Usishike!" Akairukia plagi, akaichomoa.

"Wivu tu!" Namalwa alifoka. "Umeniaibisha mbele ya mamangu!"

"Nilidanganya kwa fomu," Cheruto alisema. "Huko chini ni milimita moja."

Mwalimu akayatenganisha matabaka kwa kisu. Mama yake Namalwa alipoona, alimtazama Cheruto kwa jicho kali hadi akainamisha kichwa. Chama kikaondolewa kwenye maonyesho ya siku hiyo, na kwa wiki nzima hakuna aliyemsalimia Cheruto.

Cheruto alichora bodi nyingine, kubwa zaidi. Kabla hajaibandika, Namalwa alimnyang'anya rula.

"Mimi siwezi kukuamini."

"Pima basi."

Akapima juu. Nane. Akapima chini, mara mbili. Nane. Bodi ikabandikwa na taa ikawaka, lakini hakuna aliyemshukuru mwenziwe.

"Sitawalazimisha mpendane," Mwalimu Hiram alisema. "Hata mimi nilikosea kutia sahihi kitu nisichokiona. Lakini msidanganye kuhusu kitu ambacho mtu atakishika. Mimi nilisoma fomu nikaridhika. Stima haisomi fomu."